Hofu Inayoandikwa Kuwa Ukaidi: Wasiwasi na Ujifunzaji wa Watoto Wadogo Wenye Usonji katika Madarasa ya Mwanzo

Ikisiri

Makala hii inaeleza uhusiano uliopo kati ya wasiwasi na ujifunzaji wa shuleni kwa watoto wenye usonji walio katika madarasa ya awali na madarasa ya mwanzo ya shule ya msingi. Inadai kwamba baadhi ya tabia ambazo ripoti za shule huziita ukaidi, utundu au uzito wa kuelewa ni dalili za hofu, na kwamba hofu hiyo huchochewa na mpangilio wa siku ya shule yenyewe. Makala inajadili msamiati wa hofu katika Kiswahili na lugha jirani, vyanzo vya wasiwasi darasani, namna wasiwasi unavyozuia ujifunzaji, athari zake kwa upimaji wa watoto, na hatua zinazoweza kuchukuliwa na shule zisizo na wataalamu.

Maneno muhimu: usonji, wasiwasi, ujifunzaji, upimaji, elimu jumuishi

1.0 Utangulizi

Mwaka 1943, daktari Leo Kanner wa Baltimore, Marekani, alichapisha maelezo ya watoto 11 ambayo hadi leo huhesabiwa kuwa miongoni mwa misingi ya taaluma ya usonji. Msomaji anayerudi kwenye maelezo hayo hukuta kwamba hofu imetajwa mara nyingi. Wamo watoto walioogopa lifti, mashine ya kufagilia, maji yanayotiririka bombani, hata upepo. Kanner aliona pia kwamba watoto hao walitawaliwa na haja ya kutaka mambo yabaki kama yalivyokuwa, na kwamba haja hiyo ilijaa wasiwasi. Hata hivyo, kwa miongo mingi iliyofuata macho ya watafiti yalielekea kwenye lugha, akili na mahusiano ya kijamii. Hofu ilichukuliwa kuwa kipande cha usonji wenyewe, kisichohitaji maelezo ya peke yake wala msaada wa peke yake. Mtoto alipopiga mayowe mlangoni pa darasa, jibu lilikuwa tayari: ana usonji.

Jibu hilo limepoteza nguvu. Mwaka 2011, van Steensel, Bögels na Perrin walikusanya matokeo ya tafiti 31 zilizohusu watoto na vijana 2,121 wenye usonji, wakakuta kwamba takriban asilimia 40 kati yao walikuwa na angalau tatizo moja la wasiwasi linalotimiza vigezo vya kitabibu. Hofu kali ya vitu mahususi iliongoza, kwa karibu asilimia 30. Miaka mitatu baadaye, Kerns na wenzake walionyesha kwamba hata vigezo hivyo huacha nje hofu nyingi: hofu ya vitu ambavyo watoto wengine hawaviogopi, wasiwasi juu ya mabadiliko madogo ya ratiba, na hofu ya kuwa miongoni mwa watu isiyotokana na kuchelea kuchekwa. Kwa maneno mengine, mtoto mwenye usonji anaweza kuwa na wasiwasi mkubwa ambao daktari anayefuata fomu ya kawaida hatauona.

Ikiwa daktari anaweza kuukosa, mwalimu wa darasa lenye wanafunzi 70 ana sababu zaidi za kuukosa. Hapo ndipo tatizo linapogeuka kuwa la kielimu na la kisera. Mtoto anayekataa kuingia darasani, anayejificha chini ya dawati au anayechana daftari huandikiwa ukaidi. Mtoto asiyejibu kitu chochote huandikiwa kwamba haelewi. Maamuzi yanayofuata, yaani kurudishwa darasa, kuhamishiwa shule maalumu au kuambiwa akae nyumbani hadi akue, hujengwa juu ya maandishi hayo.

2.0 Majina ya hofu

Kiswahili hakina upungufu wa maneno katika eneo hili. Hofu na woga huelekea kwenye kitu kinachotambulika: mbwa, giza, fimbo. Wasiwasi, neno lililotokana na lugha ya Kiarabu lenye maana ya mnong'ono, linahusu fikra zinazojirudia moyoni juu ya jambo ambalo huenda litatokea. Wahaka na fadhaa hubeba hali ya kutotulia. Jakamoyo huchanganya wasiwasi na huzuni. Kiherehere, kabla halijachukua maana ya kimbelembele, lilitaja mapigo ya moyo wa mtu aliyetaharuki. Misemo nayo huuweka wasiwasi mwilini: tumbo joto, roho juu, moyo kwenda mbio. Lugha jirani zina mgawanyo unaokaribiana na huo. Kiganda hutenga okutya, ambayo ni kuogopa, na okweraliikirira, ambayo ni kuwa na wasiwasi. Kinyarwanda hutenga ubwoba na impungenge.

Utajiri huo una mtego wake. Maneno haya yote humchukulia mtu kuwa anaweza kuusikia mnong'ono wa ndani, kuutambua kuwa ni wake, kisha kuusimulia. Watu wengi wenye usonji, hata watu wazima wenye elimu ya juu, hupata shida kuzitambua na kuzitaja hisia zao. Mtoto wa miaka mitano asiyezungumza, au anayezungumza kwa kurudia sentensi alizozisikia, hawezi kusema kwamba ana wasiwasi. Anaweza kusema kwamba tumbo linamuuma. Anaweza pia kurudia tangazo la redio mara ishirini mfululizo, nalo tangazo hilo likawa ndilo ombi lake la kuondolewa mahali alipo.

Kwa hiyo dodoso linalomuuliza mtoto anavyojisikia, hata likitafsiriwa kwa Kiswahili kisicho na dosari, litapima uwezo wake wa kusimulia kabla halijapima hofu yake. Watafiti wa Newcastle, Uingereza, wakiongozwa na Rodgers, walitengeneza mwaka 2016 kipimo cha wasiwasi kinachowahusu watoto wenye usonji, chenye maswali 24, likiwamo kundi la maswali kuhusu kutojua kitakachotokea. Ni hatua njema, ila kipimo hicho kinalenga watoto wa miaka 8 hadi 16. Kwa mtoto wa darasa la awali, chombo bora bado ni jicho la mtu anayemfahamu, na katika kanda hii mtu huyo mara nyingi ni mama, bibi au dada mkubwa. Swali lenye manufaa zaidi kwao ni hili: mtoto hufanya nini anapoogopa, na hilo hutokea baada ya kitu gani? Swali la iwapo ana wasiwasi linaweza kusubiri.

3.0 Siku ya shule kama chanzo

Maelezo yanayotumiwa sana leo kuhusu wasiwasi katika usonji yanahusu ugumu wa kuvumilia jambo lisilojulikana. Boulter, Freeston, South na Rodgers (2014) walionyesha kwamba watoto wenye usonji wana ugumu huo kwa kiwango kikubwa kuliko wenzao, na kwamba ugumu huo ndio unaoeleza kwa sehemu kubwa kwa nini wana wasiwasi zaidi. Si kwamba mtoto anatarajia mabaya. Kutojua kwenyewe ndiko kunakomuumiza. Mtoto mwingine akiambiwa kwamba leo mwalimu hayupo, hufurahi au hushangaa kisha huendelea. Kwa mtoto huyu, kutokuwapo kwa mwalimu kunaweza kuibomoa siku nzima, kwa sababu kila kilichofuata baada ya mwalimu hakina tena mahali pa kushikizwa.

Chanzo cha pili ni hisi za mwili. Green, Ben-Sasson, Soto na Carter (2012) waliwafuatilia watoto wenye usonji ambao mwanzoni mwa utafiti hawakuwa wamefikisha umri wa miaka mitatu. Walikuta kwamba watoto waliosumbuliwa zaidi na sauti, miguso na mwanga ndio walioongezeka wasiwasi baadaye, ilhali wasiwasi wa mwanzo haukutabiri ongezeko la usumbufu wa hisi. Mwelekeo huo una uzito kwa mpangaji wa sera. Unaonyesha kwamba mazingira yenye makelele kwa mtoto mdogo mwenye usonji yanaweza kuwa shamba ambamo wasiwasi wa miaka ijayo unapandwa.

Fikra hizi mbili zikiwekwa ndani ya shule ya kawaida ya Afrika Mashariki, picha hujichora yenyewe. Kengele ni rimu ya gari iliyoning'inizwa mtini, nayo hupigwa na mwanafunzi wa zamu bila onyo. Mvua ikianza, paa la mabati huzima kila sauti nyingine, na mwalimu hulazimika kupaza sauti au kusimamisha somo. Gwaride la asubuhi huchukua dakika 10 siku moja na dakika 40 siku ya pili, kutegemea matangazo. Foleni ya uji ni msukumano wa miili. Choo cha shimo ni giza, harufu na tundu. Wapo watoto wanaozuia haja tangu asubuhi hadi jioni kwa kukiogopa choo hicho, kisha wakajichafua darasani na kuchekwa. Hakuna hata moja kati ya mambo haya lililokusudiwa kumtesa mtoto, na ndiyo maana hayaonekani.

Lipo jambo moja katika madarasa haya ambalo huenda limelaumiwa kupita kiasi. Wataalamu wa ufundishaji wameikosoa mno desturi ya darasa zima kuitikia kwa pamoja, wakisema kwamba inazalisha kukariri bila kufikiri. Ukosoaji huo una haki yake. Hata hivyo, kwa mtoto mwenye usonji anayeivumilia sauti kubwa, kuitikia kwa pamoja ni sehemu ya somo ambamo anajua kwa hakika nini kinakuja, lini kitakuja, na yeye anatakiwa kufanya nini. Baadhi ya watoto wasioweza kujibu swali la ana kwa ana huweza kutamka jibu lilelile wakiwa ndani ya sauti ya wenzao. Mwalimu anayelitambua hilo anaweza kulitumia kama mlango badala ya kulifuta.

Chanzo cha tatu ni maneno. Watoto wengi wenye usonji huyapokea maneno kwa maana yake ya moja kwa moja, na Kiswahili cha walimu kina vitisho vingi visivyokusudiwa kutekelezwa. Mwalimu akiliambia darasa kwamba leo watakiona kilichomtoa kanga manyoya, watoto wengine husikia hasira na kukaa kimya. Huyu humsikia kanga, manyoya, na kitu fulani kinachokuja leo. Akiambiwa kwa utani kwamba atakatwa masikio asiposikiliza, anaweza kuishi na habari hiyo kwa wiki kadhaa, akishika masikio yake kila anapofika lango la shule, na hakuna atakayejua kwa nini.

4.0 Hofu inavyozuia ujifunzaji

Fadhaa kidogo humsaidia mwanafunzi, kwani mtoto asiye na wasiwasi wowote kuhusu mtihani huenda asiuandae. Lakini ikizidi, hugeuka. Nadharia ya udhibiti wa usikivu iliyotolewa na Eysenck na wenzake mwaka 2007 inaeleza kwamba wasiwasi huhamisha usikivu kutoka kwenye lengo la mtu na kuuelekeza kwenye kile kinachomtishia. Anayeathirika kwanza ni yule anayehitaji kushikilia mambo kadhaa akilini kwa wakati mmoja. Agizo la kawaida la mwalimu wa darasa la kwanza, kwamba watoto watoe madaftari, waandike tarehe, kisha wanakili sentensi ya pili ubaoni, lina hatua tatu. Mtoto anayeisubiri kengele kwa hofu hubaki na hatua ya kwanza peke yake. Ameshika daftari mkononi, naye huonekana kama asiyetaka kuandika.

Ndiyo maana wazazi na walimu husimulia watoto wawili tofauti. Nyumbani mtoto huhesabu vizibo vya soda hadi 100 na kuvipanga kwa rangi. Shuleni hajui moja wala mbili. Mzazi huonekana anatia chumvi, na mwalimu huonekana mzembe. Aghalabu wote wawili wanasema kweli. Uwezo upo, ila hauvuki lango la shule pamoja na mtoto, kwa kuwa shuleni akili yake ina kazi nyingine ya kufanya.

Kinachoongeza ugumu ni mzunguko ambao watu wote wanaohusika huulisha bila kujua. Mtoto anaogopa, anapiga mayowe. Mwalimu, akiwa na darasa zima la kuhudumia, anamtoa nje. Nje kuna utulivu, na mayowe yanakoma. Mtoto amejifunza kwamba mayowe huondoa hofu. Mwalimu amejifunza kwamba kumtoa mtoto huleta ukimya. Kesho mayowe yataanza mapema zaidi, na mlango utafunguliwa mapema zaidi. Baada ya muhula mmoja, mtoto anaweza kuwa amehudhuria shule kila siku kwa mujibu wa daftari la mahudhurio, huku sehemu kubwa ya masomo akiwa ameipitishia chini ya mti. Hakuna aliyemfukuza, na wala hakuna sheria iliyovunjwa waziwazi.

Wapo pia wasiopiga mayowe. Mtoto anayekaa kimya, anayewaiga wenzake kwa kuchungulia, anayetabasamu kila anapotazamwa, hupita kama mtoto mtulivu. Anafika nyumbani, anavua viatu, kisha anaanza kulia na kujigonga ukutani kwa saa nzima. Mama huambiwa kwamba tatizo liko kwake, kwa sababu shuleni mtoto hana shida. Hali hii ya kujificha imeelezwa zaidi kwa wasichana, na ni miongoni mwa sababu zinazotolewa kueleza kwa nini wasichana hutambuliwa kuchelewa. Loomes, Hull na Mandy (2017) walikadiria kwamba kwa kila msichana mmoja mwenye usonji kuna wavulana watatu, ilhali uwiano uliozoeleka kutajwa ulikuwa wanne kwa mmoja. Shule inayowatambua watoto kwa fujo zao itawatambua wavulana.

Kupunga mikono, kujiyumbisha na kuzungusha vitu navyo husomwa vibaya. Kwa watoto wengi, miondoko hii huongezeka wanapoelemewa, nayo huwasaidia kujituliza. Mwalimu anayeishika mikono ya mtoto ili asikilize anamwondolea alichokuwa anakitumia ili aweze kusikiliza.

5.0 Upimaji na hofu

Katika nchi za kanda hii kazi kubwa imefanywa ili kuwatambua watoto wenye ulemavu wa ukuaji kwa gharama nafuu. Nchini Uganda, Kakooza-Mwesige na wenzake walichukua dodoso maarufu la maswali 10 ya kuchunguza ulemavu wa watoto, wakaliongezea maswali hadi kufikia 23 ili liweze kugusa usonji, na kulijaribu kwa watoto wa miaka 2 hadi 9 katika maeneo ya Kampala na Wakiso. Matokeo yalichapishwa mwaka 2014. Nchini Kenya, vituo vya upimaji wa watoto wenye mahitaji maalumu vilianza mwaka 1984 na vimeenea nchini. Mtoto hupelekwa kituoni, hupimwa, na mapendekezo hutolewa kuhusu shule inayomfaa.

Dodoso linalojibiwa na mzazi halitegemei utulivu wa mtoto. Upimaji wa ana kwa ana unautegemea sana. Mtoto ameamshwa alfajiri, amesafiri kwa matatu au bodaboda kwenda mahali asipopajua, amesubiri saa kadhaa kwenye benchi na watu wengi, kisha ameingizwa chumbani kwa mtu mgeni anayemtaka apange vitalu vya mbao. Kwa mtoto ambaye adha yake kubwa ni kutojua kitakachotokea, ni vigumu kubuni mazingira mabaya zaidi. Akikataa kugusa vitalu, fomu haina mahali pa kuandika kwamba aliogopa. Ina mahali pa kuandika kwamba hakuweza.

Lugha huongeza tatizo. Mtaala wa Uganda ulioanza mwaka 2007 huyaelekeza madarasa matatu ya mwanzo kutumia lugha ya eneo husika, na sera ya Kenya nayo hutambua lugha ya eneo la shule katika madarasa ya chini. Upimaji, hata hivyo, mara nyingi hufanywa kwa lugha ambayo mpimaji anaimudu. Mtoto wa Kigiriama anayepimwa kwa Kiingereza ana jambo moja zaidi lisilojulikana juu ya yale mengine.

Marekebisho yanayohitajika hapa hayana gharama kubwa. Ziara ya kwanza inaweza kuwa ya kuzoea tu, bila kipimo chochote. Mlezi anaweza kubaki chumbani. Mzazi anaweza kutumiwa mapema picha ya chumba na ya mpimaji kwa simu, akamwonyesha mtoto jioni. Fomu inaweza kuongezwa mstari mmoja unaomtaka mpimaji aeleze hali ya mtoto wakati wa kipimo, na iwapo matokeo yanalingana na anayoyafanya nyumbani kwa maelezo ya mlezi. Uamuzi wa kumpeleka mtoto shule maalumu ya bweni, ambao huweza kumtenga na familia kwa miaka, haustahili kusimama juu ya asubuhi moja ya hofu.

6.0 Adhabu

Kenya ilipiga marufuku viboko shuleni mwaka 2001, na Uganda ikafanya hivyo kwa marekebisho ya sheria ya watoto ya mwaka 2016. Nchini Tanzania kanuni bado zinaruhusu viboko chini ya usimamizi wa mkuu wa shule. Tofauti hizo za kisheria ni kubwa. Tofauti za madarasani ni ndogo kuliko zinavyopaswa kuwa.

Mjadala wa viboko kwa kawaida huhusu mtoto anayepigwa. Kwa mtoto mwenye usonji, suala ni pana zaidi, kwa kuwa adhabu anazopewa mwenzake humfundisha kwamba katika chumba hiki maumivu huweza kutokea wakati wowote kwa sababu asizozielewa. Akiwa yeye ndiye anayepigwa, adhabu huongeza kilekile kilichoizaa tabia. Kumpiga mtoto kwa kukataa kuingia darasani anakokuogopa ni kumthibitishia kwamba hakukosea kukuogopa.

7.0 Yanayowezekana darasani

Tiba ya mazungumzo inayolenga kubadili fikra na tabia ina ushahidi mzuri kwa watoto wenye usonji wanaozungumza. Katika jaribio la Wood na wenzake lililochapishwa mwaka 2020, watoto 167 wa miaka 7 hadi 13 waligawanywa katika makundi. Tiba ya kawaida ilisaidia, na tiba iliyorekebishwa kwa ajili ya usonji ikasaidia zaidi. Lakini tiba hiyo huhitaji mtoto anayeweza kuzijadili fikra zake na mtaalamu wa kukutana naye kila wiki. Mtoto wa miaka mitano katika shule ya kijijini hana hata kimoja kati ya viwili hivyo. Kinachobaki ni kulibadili darasa.

Mpango wa TEACCH, ulioasisiwa na Eric Schopler na kuwa mpango wa jimbo la North Carolina mwaka 1972, ulijengwa juu ya wazo kwamba mtoto mwenye usonji huelewa zaidi anachokiona kuliko anachoambiwa. Chombo chake kikuu, ratiba ya picha, hakihitaji kiwanda. Vipande vya katoni, kalamu ya wino na kamba ya kuanikia vinatosha: picha ya gwaride, ya daftari, ya uji, ya mpira, ya lango la kurudi nyumbani. Mtoto huigeuza kila picha jambo lake linapokwisha. Kwa mtoto asiyeelewa picha, vitu halisi hutumika, kama vile kikombe kwa ajili ya uji. Sentensi za mwalimu nazo hufuata muundo huohuo: kwanza kuandika, kisha mpira. Tafiti nyingi za ratiba hizi ni za watoto wachache wanaofuatiliwa mmoja mmoja, kwa hiyo ushahidi wake ni wa kiasi. Uzito wake katika kanda hii unatokana na gharama yake ndogo, na pia na ukweli kwamba ratiba ubaoni huwafaa watoto wote.

Mengine ni madogo kwa namna hiyohiyo. Mtoto anayeogopa kengele anaweza kupewa zamu ya kuipiga. Hapo sauti inakuwa yake, na wakati wake anaujua. Anaweza kukaa kando ya ukuta, mbali na mlango, na kwenda chooni wakati wengine wako darasani. Kona yenye mkeka inaweza kuwa mahali pa kutulia kwa dakika tano, kwa masharti mawili: mtoto aende kabla ya mayowe na si baada yake, na arudi kwenye kazi ileile aliyoiacha. Bila masharti hayo kona hugeuka kuwa ule mti wa nje.

Sharti hilo la pili lina sababu. Wasiwasi hukua pale kila kinachoogopwa kinapokwepwa. Shule inayomwondolea mtoto gwaride, mvua, wenzake na kazi ngumu itampata mtoto mtulivu asiyejifunza. Kinachotakiwa ni kuyakaribia yanayoogopwa kwa hatua ambazo mtoto amezijua mapema: leo gwaride kutoka barazani, wiki ijayo kutoka mwisho wa mstari. Mabadiliko nayo yanaweza kufundishwa. Kadi moja yenye alama maalumu, inayomaanisha kwamba hapa leo kutakuwa na jambo tofauti, huwekwa katika ratiba kwanza kwa mambo ya kupendeza, ili mtoto asilizoeshe neno "tofauti" na maumivu tu.

Hayo yote yanahitaji mtu mzima anayemfahamu mtoto, na mtu huyo si lazima awe mtaalamu. Shirika la Afya Duniani limetengeneza mafunzo ya walezi wa watoto wenye ulemavu wa ukuaji yanayoweza kutolewa na watu wasio wataalamu, nayo yamejaribiwa Ethiopia na Kenya. Mlezi aliyepitia mafunzo hayo anaweza kuwa mwalimu wa mwalimu, iwapo shule itamkaribisha ndani ya lango. Shule nyingi bado huwapokea wazazi siku ya kulipa michango na siku ya mashtaka.

Jambo moja la kiutawala linastahili kutajwa mbele ya washauri wa sera, kwa kuwa liko mikononi mwao moja kwa moja. Uhamisho wa walimu katikati ya muhula ni wa kawaida katika nchi zote za kanda. Mwalimu hupokea barua Ijumaa na kuripoti kituo kipya Jumatatu. Kwa mtoto mwenye usonji aliyechukua miezi sita kumzoea mwalimu huyo, Jumatatu hiyo ni mwanzo wa kuporomoka ambako ripoti ya mwisho wa muhula itakueleza kuwa ni kushuka kwa uwezo. Waraka mmoja wa wizara unaweza kuagiza kwamba darasa lenye mtoto wa namna hii lipewe wiki mbili za makabidhiano, walimu wote wawili wakiwamo darasani kwa siku kadhaa, na picha ya mwalimu mpya ikitundikwa kwenye ile kamba ya ratiba kabla hajafika.